Bati la msauzi, usingizi wa barazani!

UKITAKA kujua kijana gani wa mjini mambo yake yamenyooka, siku hizi huna haja ya kuuliza anaendesha gari gani. Muulize tu kwao kapaua kwa bati gani. Akikwambia msauzi, tena ile rangi ya damu ya mzee au bluu iliyokolea, basi mpe heshima yake, huyo anatesa.

Pita Barabara ya Kilwa ushuhudie mwenyewe. Kuanzia Mbagala Rangi Tatu, Mkuranga, Kibiti mpaka Ikwiriri, mapaa yanang'aa ile mbaya. Makuti yanakimbilia mashambani, tofali za saruji zinasogea barabarani. Maendeleo hayo, nani anabisha?

Tatizo ni moja tu, mpenzi msomaji. Humo ndani halaliki!

Pita tena saa nne usiku. Tajiri wa msauzi yuko wapi? Yuko barazani, kajilaza kwenye mkeka, shati kavua, anapigana na mbu kama bondia wa raundi ya kumi na mbili. Chandarua kipo, kinaning'inia chumbani juu ya godoro la bei mbaya, hakina mtu. Ukimuuliza atakwambia, "Aah, nitaingia baadaye, ngoja kipoe kidogo." Baadaye yenyewe ni saa nane usiku. Na mbu wa malaria, kama hujui, hufanya kazi yake usiku huo huo. Rufiji si mahali pa kufanyia utani na mbu.

Kwa hiyo wiki hii nataka tuongee habari ya joto. Si lile la mahaba, hilo tutalirudia siku nyingine mkiwa mmetulia. Naongelea joto la nyumba, na kompyuta inavyoweza kulipiga hesabu kabla hujapigilia msumari hata mmoja.

Mwezi uliopita nilikuwa Utete. Kwa wasiopajua, ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Unapanda basi Rangi Tatu, unapita Kibiti, unavuka mto kwa Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa 2003, ukifika Nyamwage unakunja kulia. Ni mji mdogo, mtulivu, ukingoni mwa Mto Rufiji. Joto lake si la kitoto, maana ule upepo wa bahari wanaojidai nao watu wa Masaki, mpaka ufike Utete unakuwa umeshachoka.

Nilikwenda kwa kutumwa. Shangazi yangu na mwanawe wa pekee wa kiume walikuwa hawasemeshani, wiki ya tatu hiyo. Ukoo ukakaa, ukaona mimi ndiye mwenye mdomo.

Ugomvi wenyewe ni nyumba. Binamu yangu ana kazi yake Dar, kijana anajituma kweli. Kajinyima miaka 6 anamjengea mama yake. Boma limesimama, tofali za inchi 6, vyumba vitatu na sebule, lenta imekwisha, nafasi za madirisha ya aluminiamu ya kusukuma zimeshaachwa. Kianzio cha bati la msauzi, damu ya mzee, kimelipwa dukani. Kilichobaki ni kupaua tu kabla ya masika.

Shangazi kagoma.

"Mwanangu, mimi humo sihamii," aliniambia hata kabla sijamaliza kuitikiwa shikamoo yangu. "Nimelala kwenye msiba hapo kwa jirani, nyumba yake kama hiyo hiyo. Nimeamka nimelowa utadhani nimetoka kuvua kamba. Na presha yangu hii, mnataka mnizike mapema? Mwambie mwenzio kibanda changu cha makuti kinanitosha."

Binamu naye nilipompigia simu akaja juu. "Yaani kaka, watu watasema nini? Namjengea mama nyumba ya kisasa, analala kwenye makuti! Si wataniona nimejenga ya kukaa mimi?"

Unaona? Hapo hakuna mwenye makosa. Mmoja anataka heshima ya mama, mwenzake anataka kulala. Na mimi ningesuluhisha vipi, ninayeishi chumba cha kupanga Temeke chenye dirisha moja linalotazama choo?

Aliyeniokoa ni binti wa jirani. Anasomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, alikuwa nyumbani kwa likizo. Kanikataza nisiandike jina lake, basi tumwite Fundi Kompyuta. Alikuwa anasikia kelele zetu kupitia uani, akaja na laptopu yake kwapani. "Samahani bibi, samahani kaka. Hii nyumba mnaibishania bure. Nipeni ramani, tuijenge humu ndani, tuilaze mtu, tuone."

Nilidhani anazuga. Ramani ikaletwa, imekunjwa kunjwa ina mafuta ya taa. Binti akaanza kuuliza maswali kama karani wa sensa. Ukuta unene gani? Bati rangi gani? Dari lipo? Chumba cha bibi kinatazama wapi? Mtafungua madirisha saa ngapi, mtayafunga saa ngapi? Watalala wangapi?

Hilo la mwisho lilinishangaza. Kumbe hata mtu ni jiko! Ukiwa umelala mwili wako unatoa joto la kama wati 70, sawa na ile balbu ya zamani ya njano. Laza watoto wanne chumba kimoja umewasha balbu nne usiku kucha.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi, nami nitakueleza kiswahili cha kijiweni. Programu inaikata nyumba vipande: ukuta tabaka kwa tabaka, sakafu, paa, hewa ya kila chumba. Halafu inapewa faili la hali ya hewa, lina joto, unyevu, jua na upepo wa kila saa kwa mwaka mzima. Saa 8,760. Kwa kila saa inauliza swali lile lile la muuza genge: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimebaki kiasi gani? Kilichobaki ndicho kinachopandisha joto. Inarudia hivyo kila chumba, kila ukuta, mpaka mwaka unaisha. Wewe ungefanya kwa kalamu ungezeekea kwenye Januari.

Aliyeanzisha hesabu za joto kupita kwenye vitu ni Mfaransa, Joseph Fourier, kitabu chake kilitoka 1822. Jamaa aliwahi kwenda Misri na jeshi la Napoleon, na inasemekana aliporudi kwao Ufaransa alikuwa anasikia baridi kila siku, anajifunika manguo mazito hata ndani. Angezaliwa Utete sijui kama angeandika kitu.

Hesabu hizo kwenye kompyuta zilianza kuchanganya miaka ya 1970. Kule Glasgow, Uskochi, Chuo Kikuu cha Strathclyde walitengeneza ESP-r. Marekani Wizara yao ya Nishati ikatoa EnergyPlus mwaka 2001. Na sikia hii: zote mbili unazipata bure! Kijana mwenye laptopu na bando anaweza kuzishusha, hakuna cha kulipia. Ila kuzitumia ni shule, si kama kucheza gemu.

Basi tukakaa chini ya mwembe, mimi, Shangazi, Fundi Kompyuta, fundi wa kupaua aliyekuja kudai advansi, na binamu yuko kwenye simu tumemweka spika. Binti akaanza na paa.

"Nyumba hii paa lake ni kama mita 10 kwa 9. Mita za mraba 90. Huku kwetu jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari na katikati ya Oktoba. Saa sita mchana siku hizo, kila mita ya mraba inapigwa na kama wati 1,000. Pasi ya umeme ni wati ngapi?"

"Elfu moja," akajibu binamu kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayejua anakopelekwa.

"Haya. Pasi 90 zimewashwa juu ya nyumba ya mama yako."

Shangazi akapiga kofi. "Si nilisema!"

Si zote zinaingia ndani, tuwe wakweli. Nyingine jua linarudishwa, nyingine upepo unaondoka nazo. Zinazobaki zinategemea rangi. Bati jeupe jipya linarudisha zaidi ya nusu ya jua lilikotoka. Damu ya mzee, bluu nzito, kijani cha chupa, hizi zinameza sehemu kubwa na kuitemea chini. Na bati lenyewe ni jembamba kuliko ukucha wako, halizuii chochote. Halihitaji hata kukugusa. Si unajua ukikaa hatua mbili kutoka jiko la mkaa uso unaungua na hewa katikati haina moto? Ndivyo bati linavyokufanya ukiwa kitandani saa saba mchana.

Makuti je? Yale yamefungia hewa katikati ya majani, jua linakwama humo. Ndiyo maana kibanda cha Shangazi mchana ni bomba. Lakini yanaoza, yanashika moto, yanafuga wadudu na panya, na kila baada ya muda unaezeka upya. Binti hakumficha bibi yake hilo.

Mpaka hapo fundi wa kupaua alikuwa ananyamaza. Akaona riziki inayumba. "Dada, bati likipigwa upepo wa usiku linapoa mara moja. Hata alfajiri ukiligusa lina umande. Sasa joto la usiku linatoka wapi?"

Swali la maana sana, na mimi nilikuwa nalo rohoni. Fundi Kompyuta akacheka, akageuza laptopu kila mtu aone. Nyumba imepakwa rangi: bluu ni pa baridi, nyekundu ni pa moto. Akaisogeza saa polepole. Mchana paa jekundu kama pilipili. Jua likazama, paa likaanza kufifia, likawa bluu kabla ya saa mbili usiku. Fundi kashinda!

Lakini ukuta wa magharibi ndio kwanza unaanza kuwaka.

Hapo ndipo mnapokosea washikaji wengi mnaojenga, sikilizeni. Bati halitunzi joto, tofali linatunza. Ukuta wa saruji wa inchi 6 ukipigwa na jua la saa kumi jioni, joto halifiki ndani saa hiyo hiyo. Linatembea pole pole, kama bosi anayerudi kutoka mapumziko ya mchana. Linachukua kama saa nne. Kwa hiyo moto wa saa kumi jioni unakufikia kitandani saa mbili usiku, na ule wa magharibi unakukuta saa nne, wakati ndio unajifunika shuka. Ongeza na ile mionzi ya bati iliyokuwa inapiga kuta za ndani, sakafu, kabati na godoro toka asubuhi. Vyote hivyo usiku vinarudisha deni.

Shangazi akasogeza miwani, akagusa kioo cha laptopu kwa kidole. "Huyu mwekundu ndiye anayeniunguza?"

"Ndiye huyo bibi. Na chumba chako ndicho alichopakana nacho."

Kimya kwenye simu. Binamu alikuwa kampa mama yake chumba kikubwa kuliko vyote, upande wa magharibi, ili akae dirishani anaona barabara. Heshima hiyo!

Akajitutumua: "Basi nitaweka AC."

Weka. Ya kawaida ya chumba kimoja inakula karibu kilowati moja. Usiku wa saa 8 hesabu yuniti 5 mpaka 8, kila siku, kwa mama anayelima mpunga na kuuza maembe. Najua utasema Rufiji siku hizi ndiyo baba wa umeme. Kweli, Bwawa la Julius Nyerere liko huku huku, megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliwashwa 2024. Lakini LUKU haina habari kama wewe ni mwenyeji.

Tukaja kwenye madirisha. Hapa nikaona kompyuta nayo inaweza kudanganywa vizuri tu. Binti aliiambia kwanza madirisha yote yako wazi usiku kucha: chumba kikapoa vizuri. Shangazi akaguna. "Wazi? Nani alale dirisha wazi hapa? Na vibaka? Na popo?" Akaandika yamefungwa saa tatu. Loh! Mistari ya joto ikapanda kama bei ya sukari kuelekea Ramadhani.

Kwa hiyo msidanganywe na michoro mizuri ya wataalamu. Kompyuta inaamini kila unachoiambia. Ukiiambia mtu wa Mbagala kwa Mangaya analala dirisha wazi, itakujibu nyumba ni poa, na hesabu zake zitakuwa sahihi kabisa, ila huyo mtu hayupo. Hata faili la hali ya hewa binti alilotumia lilikuwa la Dar, akatuonya mwenyewe kwamba Utete mchana huenda ni pagumu zaidi. Anayeniletea majibu ya kompyuta bila kuniambia alichoilisha, mimi simwelewi.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma lina dhambi nyingine: hata ukilifungua lote, nusu ya uwazi inabaki imezibwa na kioo. Umelipia dirisha zima unapata hewa ya nusu. Wazee wetu walikuwa na mbao za kufungua huku na huku, na zile luva za vioo ambazo siku hizi mnaziona ushamba. Luva inaacha upepo wote upite na mwizi akabaki nje.

Sasa nikuibie siri. Shangazi, baada ya kuona hiyo laptopu haina ubabaishaji, akasema: "Mjukuu wangu, humo unaweza kujenga dungu?"

Kijana wa mjini hujui dungu, nakuona. Bonde la Rufiji linafurika, hiyo ndiyo asili yake, na ndiyo maana lina rutuba. Zamani Warufiji walikaa huko huko bondeni, na mashambani walijenga madungu: kibanda juu ya nguzo ndefu, sakafu ya miti, kuta nyepesi, paa la nyasi au makuti. Maji yakija yanapita chini. Nyani na nguruwe wakija kula mpunga unawaona toka juu. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya nchi kavu, ile Operesheni Rufiji ya 1969. Shangazi ana miaka 70 na ushee, dungu kalilala utoto wake wote. "Usiku tulikuwa tunagombania shuka," alisema. "Upepo unapanda kwenye mianya ya sakafu. Na mbu wa juu si wengi kama wa chini."

Binti akalijenga. Dakika 20 hivi. Nguzo, sakafu yenye mianya, kuta za fito, paa la makuti. Akaisogeza saa.

Mpenzi msomaji, jua lilipozama tu, dungu likafuata joto la nje hatua kwa hatua, halikubakiza deni lolote. Halina tofali la kutunza moto wa mchana. Wakati chumba cha msauzi kinafikia kilele cha joto, dungu linatafuta shuka. Fundi wa kupaua alisema neno moja: "Duh."

Na hii si hadithi ya Shangazi na laptopu peke yake. Binti akatueleza habari za Magoda, kijiji cha Muheza, mkoani Tanga. Huko wasanifu kutoka Denmark na watafiti wa afya walijenga nyumba 6 za majaribio, nyingine za ghorofa, kuta nyepesi za mbao, mianzi na nyavu zinazopitisha hewa. Wakaweka vipima joto, wakahesabu mbu usiku baada ya usiku, wakalinganisha na nyumba za kawaida za kijiji. Matokeo yalitoka 2017. Ndani palikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi kama 2 hivi, na kwenye zile za ghorofa mbu walipungua kwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Baadaye wakahamia Mtwara, wakajenga nyumba 110 vijijini za muundo huo, kutazama afya za watoto.

Nyuzi 2 unaziona kidogo? Hizo ndizo zinazoamua kama mtu atavumilia chandarua au atatoka barazani. Kule Gambia nako watafiti walipima nyumba, wakakuta ukiziba ule uwazi kati ya ukuta na paa mbu wanapungua, lakini joto nalo linapanda. Ndiyo kazi yenyewe: umzuie mbu bila kumzuia upepo. Wavu, si saruji.

Kinachoniuma mimi ni kwamba watu wa Delta ya Rufiji ndio waliowapoza wengine. Mikoko yao, ule msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, ilikatwa boriti miaka na miaka, zikapakiwa majahazini kwenda Zanzibar, Arabuni na Ghuba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kama mita 2 na nusu hadi 3, kwa sababu boriti inaishia hapo. Nyumba za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za pwani hii, juu yake minara ya kudaka upepo. Waarabu wakalala, sisi leo tunanunua bati la rangi ya moto.

Haya, turudi kwenye suluhu, maana nilitumwa.

Nyumba haivunjwi. Boma limesimama na kijana kalitolea jasho. Fundi Kompyuta akajaribu mabadiliko moja moja, kila mara anaendesha mwaka mzima upya, tunaangalia chumba cha Shangazi saa nne usiku. Rangi ya bati nyepesi: kikashuka. Dari, na juu ya dari matundu yenye wavu pande mbili ili hewa ya moto itoke: kikashuka tena, hasa mchana. Paa litokeze nje ya ukuta zaidi ya mita moja badala ya ile futi moja ya kuhesabu: kikashuka. Baraza refu upande wa magharibi jua lisiguse tofali: hapo ndipo kiliposhuka kuliko yote. Na madirisha yatazamane, moja likiingiza jingine likitoa, yawe ya luva na nondo na wavu.

Kuhamisha chumba cha Shangazi kwenda upande wa mashariki hakukugharimu hata senti. Kompyuta ilipenda, Shangazi akapenda, barabara ataionea barazani.

Binamu akauliza jumla inaongezeka kiasi gani. Fundi wa kupaua akapiga hesabu kwenye mchanga na kijiti: mbao za ziada, nguzo za baraza, wavu. Akaitaja. Kwenye simu ikasikika pumzi ndefu. Halafu binamu akasema AC mbili alizokuwa anazipigia hesabu atazifuta, na geti la chuma lisubiri mwakani. "Lakini mama ahamie."

"Nitahamia," alisema Shangazi, mara ya kwanza wiki tatu anamjibu mwanawe moja kwa moja. "Ila uani unijengee dungu dogo la mbao. La kupumzikia. Nisilale humo, nipumzike tu."

Sote tulijua atalala humo. Binamu naye alijua, akakubali.

Imebaki rangi. Duka limesema msauzi nyeupe haipo, ipo rangi ya maziwa, na ile damu ya mzee kubadilisha kuna makato. Binamu anaona rangi ya maziwa kama paa la zahanati. Jana kanipigia tena: eti kijivu kilichopauka kidogo je? Nimemwambia ampigie Fundi Kompyuta, likizo yake inaisha Jumapili, na masika hayasubiri mtu kuchagua rangi.

Wiki ijayo tutaongea habari za mahari, jitayarisheni.